Upindo wa Vidole Vinne

Ukitaka kujua shule ile ya serikali ilikuwa na watoto wangapi, hukuwa na haja ya kwenda kumsumbua Mwalimu Mkuu ofisini. Ulikwenda kwa Fundi, mwanamke mwenye cherehani moja katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mtaa wa nyuma ya soko, ukamwuliza mwaka huu ameshona sketi ngapi za kijani. Alikujibu kabla hujamaliza kuuliza. Mwaka ule binti yake alipoanza darasa la kwanza, alishona sketi sitini, kaptura ndiyo usiseme, mpaka kidole gumba kikaota sugu la mkasi. Mwaka huu alikuwa ameshona kumi na moja. Jora la kitambaa cha kijani lilisimama pembeni ya mlango, nene vilevile kama siku lilipoletwa, na kila asubuhi alilipangusa vumbi.

Watoto walikuwa wanahamia shule ya geti jekundu, ya watu binafsi, ile yenye basi. Basi lenyewe lilipita mbele ya dirisha lake kila asubuhi na kupiga honi hata pasipo na mtu wa kumpigia. Sare za shule hiyo zilitoka kiwandani zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, kwa hiyo Fundi hakuambulia hata kifungo cha kukaza.

Mume wake alikuwa mlinzi wa shule ya serikali. Mlinzi ni jina tu. Alifungua geti, akafyeka nyasi, akazibua mabomba, akagonga kengele, ambayo ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo. Ukijumlisha sketi za mke na kengele ya mume, nyumba nzima ilikula shuleni. Na binti yao naye alisoma hapo hapo, darasa la saba. Kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, mtaa mzima ulimwita Chiriku, na wazazi wake nao wakazoea.

Katika mtihani wa majaribio, Chiriku alikuwa wa arobaini na moja kati ya watoto arobaini na mmoja. Orodha ilibandikwa ukutani, nje ya ofisi, kwa herufi kubwa ambazo hata babu asiye na miwani angezisoma. Jirani mmoja alikuja kupunguziwa gauni, akanyoosha mikono apimwe, akasema, "Fundi, nimeona matokeo. Basi mpe pole yule wenu."

"Nitampa," Fundi alisema, akamkaza futi kiunoni kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi mchana Mwalimu Mkuu alikuja mwenyewe. Alikuwa amefunga tai, na jua lile. Fundi alipomwona mlangoni alidhani amekuja na oda ya sare, moyo ukaruka. Alimpangusia kiti, akaondoa vitambaa, akamwita Chiriku alete maji ya kunywa.

"Shikamoo, Mwalimu," Chiriku alisema. "Leo umetutoa mapema, mwalimu wa hesabu hakuja, tumekaa tu tukaimba. Kwani anaumwa? Maana jana—"

"Marahaba. Nenda ukacheze nje," Mwalimu Mkuu alisema.

Alikunywa maji yote, akaweka glasi chini taratibu kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Fundi, wewe kwetu si mzazi tu. Wewe ni mwenzetu. Bila wewe watoto wangekuja shule wamevaa magunia."

Fundi alijua anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini mafuta ni mafuta, akatabasamu.

"Nina namba mbili zinaninyima usingizi," Mwalimu Mkuu aliendelea. "Ya kwanza ni idadi. Ijumaa ya wiki ijayo ofisa elimu anakuja kuhesabu vichwa. Tukiwa chini ya mia na themanini, shule inaunganishwa na ile ya njia panda. Majengo yanafungwa. Na njia panda wana mlinzi wao, unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Ya pili ni wastani. Mwaka jana tuliukosa mstari wa ufaulu kwa alama chache, tukaandikwa miongoni mwa shule mbovu. Wazazi waliposikia, ukaona mwenyewe wanavyokimbilia geti jekundu. Mwaka huu nimepiga hesabu kwa matokeo ya majaribio. Tunaukosa kwa nusu alama. Nusu, Fundi! Lakini nikipiga hesabu na watoto arobaini badala ya arobaini na mmoja, tunauvuka."

Alitoa karatasi kwenye bahasha, akailaza juu ya meza ya cherehani. Ilikuwa fomu ya mzazi kuomba mtoto wake arudie darasa. Jina la Chiriku, lile la kwenye cheti chake cha kuzaliwa, lilikuwa limeshaandikwa. Neno "kwa hiari" lilipigiwa mstari.

"Kwa hiyo kwenye kuhesabu vichwa unamtaka," Fundi alisema polepole, "ila kwenye mtihani humtaki."

Mwalimu Mkuu alitoa leso akajifuta shingo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoleta tabu. Mtu mbaya ungemfukuza. Yeye alikuwa amechoka, viatu vyake vimelika upande mmoja, na shule ilikuwa inamfia mikononi.

"Usilichukulie hivyo. Atapata mwaka mzima wa kujiimarisha. Nitamsimamia mimi mwenyewe. Mwakani atafanya vizuri, na shule itakuwepo, na sare utashona. Watu wakisikia tumevuka mstari, watarudi. Mumeo tumeshaongea. Amesema yeye hana neno, uamuzi ni wako."

Ameshaongea na mume wangu, Fundi aliwaza, na mume wangu amekula chakula changu siku nzima bila kusema. Alitazama jora la kijani pale mlangoni. Akatazama fomu. Kisha akachukua kalamu ya Mwalimu Mkuu, kwa sababu yake ilikuwa chaki, akasaini.

Mwalimu Mkuu alimshika mkono kwa mikono miwili. Alipotoka, Chiriku alikuwa amekaa kwenye kizingiti, chini ya dirisha lililo wazi. Hakuwa amekwenda kucheza.

Chiriku alinyamaza. Kuanzia Alhamisi ile mpaka Jumapili hakusema ila "ndiyo, mama" na "hapana, mama", na nyumba ikawa kama imezimwa redio. Mama mtu alijaribu kumchokoza kwa maneno, akamsimulia habari ya mteja aliyetaka gauni la kumfanya mwembamba bila kupunguza kitambaa. Mtoto alitikisa kichwa tu, akaendelea kuosha vyombo.

Mlinzi ndiye aliyelipuka, na akalipuka kwa pembeni, kama kawaida yake.

"Huyu mtoto ana nini? Hapa ni msiba?"

"Muulize Mwalimu Mkuu wako," mkewe alisema. "Si ninyi mnaozungumza?"

"Mama Chiriku, mimi ningesema nini? Mtu amenisimamisha getini, ananiambia shule ikifungwa mimi ndiye wa kwanza kurudisha funguo. Nimesema, ongea na mama yake. Nimekosea?"

"Hukukosea. Umeniachia kaa la moto nilishike peke yangu, basi."

"Ungekataa!"

"Na wewe ungekataa!"

Walitazamana, kila mmoja akijua kuwa mwenzake hangeweza. Ndipo Chiriku akasema kutoka jikoni, bila kuinua sauti:

"Mimi najua nitakuwa wa mwisho."

Aliweka sufuria chini.

"Wa mwisho naye si yumo kwenye orodha? Wenzangu wote watavaa zile namba za mtihani kifuani. Mimi nitakaa wapi siku hiyo? Na wa darasa la sita?"

Baba yake alichukua tochi akaenda kukagua geti ambalo alikuwa ameshalikagua. Fundi alibaki ameshika sahani, na aibu ikampanda kutoka miguuni.

Kulikuwa na jambo la sketi. Fundi alikuwa na sheria yake ya kazi: sketi ya shule huachiwa upindo wa vidole vinne. Mtoto akirefuka, unafumua, unateremsha, unapiga pasi, mzazi anaokoa sketi nyingine. Sketi ya Chiriku aliishona darasa la nne na ameshaiteremsha mara tatu. Sasa upindo ulikuwa umekwisha, na kwa vile mtoto angeendelea kuivaa mwaka mwingine mzima, ilibidi iongezewe kipande chini, na ndani ya kipande hicho uachwe upindo mpya. Jumanne jioni aliifumua yote, hata mkanda, maana na kiunoni ilikuwa inambana. Alisema Alhamisi itakuwa tayari. Siku moja mbili za kukosa shule hazingemdhuru mtoto ambaye mtihani haumhusu tena. Alijisikia akiyasema maneno hayo, akayachukia.

Jumatano asubuhi alikaa mlangoni penye mwanga, wembe mkononi, akimalizia kutoa nyuzi. Chiriku alikuwa ndani, amevaa gauni la nyumbani lililombana mabegani, akipanga bobini za uzi kwa rangi. Fundi aliutandaza mkunjo wa chini juu ya goti. Mistari mitatu ilikuwa imejichora pale, kila mmoja umepauka kuliko wa chini yake: darasa la nne, la tano, la sita. Katika mshono mmoja mlikuwa na mchanga wa uwanjani na kijipande cha chaki, vimekaa humo miaka. Alivikung'uta mkononi. Mtoto huyu amekwenda shule, aliwaza. Hakukosa hata siku ya mvua. Alikwenda, akakaa, akasikiliza asichokielewa, akarudi anacheka, na kesho akaenda tena. Na mimi nimesaini kwa hiari kwamba hakuwepo.

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiwiko ili yasidondokee kitambaa.

Basi la geti jekundu lilikuwa limeshapita zamani. Saa nne kasorobo, mlinzi alitokea kwenye kona ya mtaa anakimbia. Tangu waoane Fundi hakuwahi kumwona mume wake anakimbia.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yumo ndani. Kuna nini?"

"Ofisa elimu kaja! Ijumaa yake kaifanya leo, eti anataka kutukuta tulivyo. Amewapanga watoto uwanjani, anahesabu mwenyewe kwa kidole." Mlinzi alishika mwimo wa mlango, pumzi zinampaa. "Tumewaleta wote. Wa homa tumemtoa kitandani na blanketi lake. Aliyevunjika mguu kaja kwa baiskeli. Mia moja sabini na tisa. Amehesabu mara mbili. Mia moja sabini na tisa!"

"Na Chiriku."

"Na Chiriku mia na themanini. Haya, twende, mvalishe!"

Fundi aliinua sketi. Ilikuwa vipande vinne na mkanda, nyuzi zinaning'inia kila upande.

Mlinzi alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu wangu," alisema. "Basi aende na hilo gauni."

"Asiye na sare anahesabiwa?"

Alijua jibu. Mji mzima ulijua. Mwaka jana shule moja ilikusanya watoto wa sokoni ikawapanga uwanjani, na tangu hapo ofisa hamhesabu asiye na sare.

"Si shule nzima ina sketi?" mlinzi alisema. "Tuazime!"

"Waliobaki nazo wamesimama uwanjani wamezivaa. Sasa unaona faida ya kushona kumi na moja."

"Basi shona! Unangoja nini? Ofisa anakunywa chai ofisini. Amesema akimaliza kikombe anahesabu mara ya mwisho."

Fundi aliweka vipande juu ya meza. Alivipanga, kipande kwa kipande, ukingo kwa ukingo. Kisha akaweka mikono mapajani. Alipojisikia akizungumza alidhani ni mwanamke mwingine.

"Baba Chiriku, kamwambie Mwalimu Mkuu aje."

"Aje wapi? Ana mgeni!"

"Aje hapa. Aje na fomu yangu, na orodha ya watahiniwa. Asije na maneno. Maneno yake niliyanunua Alhamisi."

"Mama Chiriku, unataka nifukuzwe kazi leo leo?"

"Sketi hii ni dakika ishirini. Wewe ukikimbia, kwenda na kurudi ni dakika saba. Utaamua mwenyewe tumalize saa ngapi."

Mlinzi alimtazama, akamtazama binti yake, ambaye alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani na bobini tano kwenye kiganja. Kisha akageuka akakimbia, na safari hii alikimbia vizuri zaidi.

Mwalimu Mkuu alifika tai imemrukia begani, faili kwapani. Hakuketi.

"Fundi, unanifanyia nini? Wewe, mwenzetu?"

"Fomu, Mwalimu."

Alimpa. Fundi aliisoma yote, pamoja na pale penye saini yake, akaikunja mara nne, akaiingiza kwenye droo ya cherehani pamoja na vifungo.

"Na orodha."

"Orodha imeshachapwa. Ina watoto arobaini. Ofisa anaondoka nayo leo."

"Basi imekuja wakati mzuri. Mwandike hapa, nione."

"Kwa mkono?"

"Mkono si ndio uliomwandika kwenye fomu?"

Mwalimu Mkuu alitoa kalamu. Aliinama juu ya meza ya cherehani, akiangalia asiguse mafuta, na chini kabisa ya majina arobaini yaliyochapwa akaandika la arobaini na moja. Jasho lilidondoka pembeni ya karatasi. Alipiga mhuri aliokuja nao mfukoni. Kisha akanyooka, na sauti yake haikuwa na hasira tena; ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo.

"Wastani utaanguka. Unajua hilo?"

"Najua."

"Tutaandikwa shule mbovu tena. Januari watakimbia wengine. Siku nitakapofunga lile geti, mumeo atakuwa amesimama nje pamoja nami. Utakumbuka siku ya leo."

"Nitaikumbuka, Mwalimu," Fundi alisema. Hakusema kwa kiburi. Alikuwa anaogopa kuliko yeye. "Sasa nipishe kwenye mwanga."

Akakanyaga. Watu waliokuwa wakimjua Fundi kwa upole wake hawakuwahi kumwona akishona hivi. Cherehani ililia mpaka ukuta ukatetemeka. Alifunga pande, akabana marinda kwa vidole bila kupima, akakaza mkanda, akapandisha kipande kipya cha chini, cha kijani kibichi kilichopiga kelele mbele ya kijani kile kilichopauka. Mlinzi alisimama nje akichungulia barabara. Mwalimu Mkuu alitazama saa kila nusu dakika, kama vile saa ndiyo iliyokuwa inashona.

Chiriku alisogea karibu na bega la mama yake. Alikuwa amemwona akishona sketi za kijani tangu anatambaa, na hakuna hatua asiyoijua.

"Mama, upindo umeusahau. Vidole vinne."

"Sikusahau."

"Sasa je?"

Fundi alichukua mkasi, akakata kitambaa cha ziada, akakizungusha chini mshono mwembamba wa mwisho.

"Upindo wa nini?" alisema. "Unamaliza."

Mtoto alivaa hapo hapo, juu ya gauni, kisha akalivua gauni kwa juu, akachomekea shati la shule. Uzi ulikuwa bado unaning'inia. Mama yake aliukata kwa meno. Wakatoka wote watatu mbio, Chiriku mbele, baba nyuma yake, Mwalimu Mkuu akishika tai. Fundi alibaki na kipande cha kitambaa mkononi, upana wa vidole vinne, akisikiliza. Alitamani kwenda kuchungulia kwenye ua wa shule, lakini akachukua fagio. Alifagia nyuzi. Alifagia tena pale alipokwisha kufagia. Hatimaye rimu ya lori ikagongwa, mara tatu za kawaida, na hakuna mtu duniani awezaye kujua kutokana na kengele kama watu wamepona au hawakupona.

Mlinzi alirudi saa kumi na moja jioni. Alivua viatu, akakaa, akakataa chai, kisha akainywa.

"Mia na themanini," alisema. "Hakuna hata mmoja wa akiba."

"Ofisa amesema nini?"

"Ameandika. Amesema mwakani atakuja tena." Alizungusha kikombe. "Mwalimu Mkuu hakunisemesha mpaka natoka. Nimemuaga, kaitikia kwa kichwa."

"Na mwakani itakuwaje?"

"Mimi nitajuaje? Kawaulize wenye basi." Alitazama jora pale mlangoni, na mkewe akalitazama pia, na wote wawili wakaliacha lisimame.

Chiriku aliingia na vumbi la uwanjani, ametoka kuzunguka mtaa mzima. Alianza kusema kabla hajavuka kizingiti: ofisa ana tumbo kubwa, alimhesabu kwa kumgusa kichwani, yule wa homa alitapika karibu na bendera, wenzake wamecheka sketi yake ya rangi mbili na yeye amewacheka kaptura zao, na kesho watapiga picha za mtihani, na ofisa amewasomea namba zao mmoja mmoja.

"Yako ngapi?" baba yake aliuliza.

"Arobaini na moja."

Mlinzi alicheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Mwanangu, hata hapo umekuwa wa mwisho."

"Nimo," Chiriku alisema, akaenda kutafuta chakula.